Msikiti wa kijani wa Kruszyniany: Waislamu walifikaje kijijini Polandi?

SWALI: Assalaam alaikum, mtaalamu. Mdogo wangu anasoma Warsaw. Juzi alitutumia kwenye kundi la familia picha ya msikiti wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, una minara miwili mbele. Mama alipoiona akasema hilo ni kanisa, wamelibandika mwezi tu juu. Mdogo wangu anasisitiza ni msikiti, uko kijijini, una zaidi ya miaka mia tatu, na Waislamu wake ni wazawa wa huko huko, weupe, wanaongea Kipolandi. Anasema mfalme ndiye aliyewapa kijiji kwa sababu Mwislamu mmoja alimwokoa vitani. Je, haya ni kweli? Walifikaje huko? Bado wapo? Na wanaswali kama sisi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wa alaikum salaam. Picha ni ya kweli na mdogo wako hajakudanganya, ingawa katika aliyoyasimulia kuna mambo mawili ya kurekebisha, na nitayafikia. Mama naye mwambie jicho lake ni zuri: waliojenga msikiti huo walijenga kwa mkono uliozoea makanisa.

Kijiji kinaitwa Kruszyniany. Kwa ulimi wetu ni kama "Krushinyani". Kiko mkoa wa Podlaskie, mashariki kabisa mwa Polandi, kilomita hamsini na ushee kutoka mji wa Białystok. Ukikipita kijiji na kuendelea kilomita chache unagonga mpaka wa Belarus. Wakazi wake hawafiki mia mbili, na wengi wao si Waislamu bali ni Waorthodoksi wenye asili ya Kibelarusi, wenye kanisa lao na makaburi yao. Familia za Kiislamu zinazoishi pale mwaka mzima utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo la idadi lina historia yake.

Waislamu hao ni Watatari. Watu wengi wakisikia Uislamu wa Ulaya Mashariki hufikiria Waturuki wa Milki ya Osmani waliosonga mpaka Bosnia na Albania. Watatari wa Polandi hawakuja kwa njia hiyo. Walikuja kama wanajeshi na wakimbizi kutoka dola za nyikani zilizoachwa na Wamongolia, ambazo watawala wake walikuwa wamekwisha silimu. Mwishoni mwa karne ya 14, khan (mtawala) mmoja aitwaye Toktamysh alipigwa na Timur, jemadari wa Asia ya Kati, akakimbilia kwa Vytautas, mtawala mkuu wa Lituanya, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imeungana na Polandi chini ya ukoo mmoja wa kifalme. Vytautas alikuwa na maadui upande wa magharibi, yaani wapiganaji wa Kijerumani wa msalaba, na alihitaji watu wanaojua kupigana juu ya farasi. Akawapokea Watatari, akawapa ardhi karibu na Vilnius na Trakai, nao wakawa na wajibu wa kutoka vitani na farasi wao na silaha zao kila walipoitwa. Katika vita vya Grunwald, tarehe 15 Julai 1410, ambapo jeshi la Kijerumani lilivunjwa vibaya, wapanda farasi wa Kitatari walikuwa upande wa Polandi na Lituanya. Kwa hiyo ukihesabu tangu Waislamu waanze kuishi katika nchi hizo, ni zaidi ya miaka mia sita. Kruszyniany ilikuja baadaye sana.

Na ilikuja kwa sababu ambayo mtumishi yeyote wa umma ataielewa bila kufafanuliwa: malimbikizo ya mishahara.

Karne ya 17 ilikuwa mbaya kwa Polandi. Vita na Wakozaki, vita na Warusi, vita na Waswidi. Hazina ikabaki tupu. Vikosi vya Kitatari vilikuwa vikidai mishahara ya miaka. Wakati huo huo hali ya dini ilikuwa imebadilika. Mwanzoni mwa karne hiyo Wakatoliki wenye siasa kali walianza kuwaandama. Msikiti wa Trakai ulibomolewa mwaka 1609, na Bunge lilipitisha sheria za kuwabana, ikiwemo kuwazuia kuoa wanawake wa Kikristo. Sasa fikiria askari wa aina hiyo: hulipwi, haki ulizopewa babu zako zinapunguzwa, na upande wa pili wa mpaka yuko Sultani wa Waosmani, Mwislamu mwenzako, anayelipa.

Mwaka 1672 waliasi. Waosmani walipoivamia Podolia, eneo la kusini-mashariki ambalo leo liko Ukraine, vikosi vya Kitatari vilivyokuwa huko vilihama upande na makamanda wao, aliyejulikana zaidi akiwa Aleksander Kryczyński. Polandi ikapoteza ngome yake kubwa ya Kamieniec mwaka huo huo. Watu wanaopenda kuwasimulia Watatari hawa kama raia watiifu wasio na doa huuruka mwaka huu. Mimi naona ndio mwaka wa maana kuliko yote, kwa sababu bila uasi ule kijiji kisingekuwepo.

Maisha ya upande wa Sultani hayakuwa asali. Hawa walikuwa wamezoea uhuru wa watu wa daraja la juu, kubishana na makamanda wao na kumiliki ardhi kama waungwana. Wakajikuta chini ya utawala ambao amri ni amri. Wengi wakatamani kurudi. Mfalme mpya wa Polandi, Jan III Sobieski, aliyechaguliwa mwaka 1674, alikuwa jemadari kabla ya kuwa mfalme na aliwafahamu Watatari vizuri. Alijua thamani yao wanapokuwa upande wako na hasara yake wanapokuwa upande wa pili. Mkataba wa Żurawno wa mwaka 1676, kati ya Polandi na Waosmani, ukafungua njia ya kurudi. Mwaka uliofuata Bunge likakubali kwamba wanaodai walipwe. Fedha hakuna, lakini ardhi ya mfalme ipo. Wapewe ardhi.

Tarehe 12 Machi 1679, mjini Grodno, Sobieski alitia sahihi hati za kugawa mashamba yaliyotoka katika ardhi ya kifalme ya huko. Kruszyniany ikaenda kwa afisa Samuel Murza Krzeczowski na askari wake. Vijiji vya jirani, Bohoniki, Drahle na Malawicze, vikapewa maafisa wengine na watu wao. Kila mmoja alipata kipande kulingana na cheo chake na deni lake.

Hapa ndipo rekebisho la kwanza. Hadithi ya Mwislamu aliyemwokoa mfalme ipo, na watu wa Kruszyniany wenyewe hupenda kuisimulia. Mwokozi anayetajwa ni huyo huyo Krzeczowski, na mahali ni Párkány, kwenye mto Danube, Oktoba 1683, wiki chache baada ya Sobieski kuwavunja Waosmani mbele ya Vienna. Siku ile ya kwanza ya Párkány mfalme alikaribia kweli kuuawa, askari wake walipokimbia ovyo. Inawezekana Krzeczowski alikuwa karibu naye na akamsaidia. Sina sababu ya kuwavunjia wazee hadithi yao. Lakini hati ya ardhi ni ya 1679 na vita ni vya 1683. Zawadi haiwezi kutangulia jambo linalozawadiwa miaka minne. Kijiji kilikuwa malipo ya deni. Hadithi ya kumwokoa mfalme ni tamu zaidi kwa watalii, ndiyo maana imeishinda ile ya mishahara.

Najua utauliza: ina maana Waislamu hawa walikwenda Vienna kupigana na Waislamu wenzao? Ndiyo. Na upande wa Sultani pia kulikuwa na Watatari, wale wa Krimea. Husimuliwa kwamba Watatari wa Sobieski walichomeka kijiti cha majani makavu kwenye kofia zao ili wenzao wa jeshi la Polandi wasiwachanganye na adui. Vita vile huandikwa mara nyingi kama Msalaba dhidi ya Hilali. Ukiwaweka watu wa Kruszyniany kwenye picha, maelezo hayo yanaanza kuyumba.

Jambo jingine ambalo vipeperushi vya utalii havisemi: Kruszyniany haikuwa pori tupu. Kulikuwa na wakulima pale, Waorthodoksi, waliokuwa chini ya mfalme na sasa wakawa chini ya mabwana wa Kitatari. Ardhi ilitolewa pamoja na jasho la waliokuwa wakiilima. Kwa hiyo ule ujirani mwema wa dini tofauti unaosifiwa leo, na ni wa kweli leo, ulianza na upande mmoja ukiwa bwana na mwingine mtumwa wa ardhi. Ilichukua vizazi, mashamba kugawanyika kwa mirathi, na Watatari wengi kufilisika mpaka wakawa wakulima wa kawaida wenye majina makubwa, ndipo majirani wakawa majirani.

Sasa msikiti, na hapa ndipo rekebisho la pili. Miaka mia tatu na ushee ni ya makazi ya Watatari, si ya jengo. Inaaminika walijenga nyumba ya ibada mapema baada ya kufika, lakini jengo alilopiga picha mdogo wako huwekwa na wataalamu katika nusu ya pili ya karne ya 18, na lilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 1846. Hata hivyo ndio msikiti wa Kitatari wa zamani kuliko yote iliyobaki Polandi.

Mafundi walikuwa maseremala wa huko huko, na fundi hujenga anachokijua. Makanisa ya mbao ya eneo lile yana uso wenye minara miwili ya mraba, kila mmoja umevishwa kofia ya mviringo juu. Basi msikiti nao ukapata minara miwili ya mraba yenye kofia za mviringo, isipokuwa kileleni pameota hilali. Minara hiyo si ya kuadhinia. Ni pambo la usoni. Huko ndani ndiko unakojua uko wapi. Kuna ukumbi wa wanaume wenye mazulia chini, mihrabu ukutani upande wa kusini, na mimbari ya mbao ya ngazi chache. Kwenye kuta zimetundikwa fremu zenye aya za Kurani na picha za Makka. Upande wa wanawake umetengwa na ukuta wa mbao uliotobolewa nafasi ndefu ya ulalo, na nafasi hiyo imefunikwa kwa pazia la lesi, jepesi, lile lile ambalo bibi wa Kipolandi angelitundika kwenye dirisha la jikoni kwake. Mwanamke anasikia hotuba na kuona, bila kuonekana vizuri. Kwangu pazia lile linaeleza habari za watu hawa kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Je, wanaswali kama sisi? Ni Wasunni, madhehebu ya Hanafi, kwa hiyo sisi wa pwani tuliozoea Shafi tutaona tofauti ndogo ndogo za mikono na kunuti, tofauti ambazo mtu wa Tanga akienda Uturuki au Pakistani ataziona pia. Swala ni kwa Kiarabu, hotuba kwa Kipolandi. Idi wanaita Bajram. Siku ya Bajram watu hugawa msikitini mikate, matunda na peremende, na sadaka hiyo wanaiita "sadoga". Tangu zamani mwanamume wa Kitatari alikuwa na mke mmoja, na wanawake wao hawakuwa wakifunika nyuso. Pamoja na hayo wamebaki na mambo yao: maombi ya kinga yaliyoandikwa kwenye karatasi ndefu iliyokunjwa na kuwekwa na maiti kaburini, na waganga waliosoma Kurani juu ya mgonjwa. Masheikh waliosoma Uarabuni katika miongo ya karibuni hawayapendi haya. Ugomvi huo mtu wa pwani haumshangazi.

Kuhusu lugha, mdogo wako yuko sahihi: wanaongea Kipolandi, na wengine hujua Kibelarusi. Kitatari chao walikipoteza kabla hata ya Kruszyniany kuwepo, kati ya karne ya 16 na 17. Wanajeshi waliooa wenyeji, watoto wakalelewa na mama, lugha ya nyumbani ikageuka. Lakini maandishi hawakuyaacha. Waliendelea kuandika kwa herufi za Kiarabu, ila lugha iliyoandikwa ndani yake ikawa Kibelarusi na Kipolandi. Ukishika kitabu chao cha dua cha mkono, kile wanachokiita "chamaił", unaona kurasa zinazokwenda kutoka kulia kwenda kushoto, wino mweusi na mwekundu, irabu zimetiwa zote. Unaanza kusoma ukitarajia Kiarabu, na kinachotoka mdomoni ni Kislavoni. Kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, waliongeza nukta kwenye herufi. Maulamaa wa Lamu, Pate na Mombasa walifanya vivyo hivyo walipoandika tenzi kwa Kiswahili, wakitafuta namna ya kuandika "p" na "ch" na "v". Watu hawa wawili hawakuwahi kukutana, na walitatua tatizo moja kwa njia moja. Walifika hata kufasiri Kurani: katika karne ya 17 walikuwa tayari wanaandika tafsiri ya Kipolandi chini ya mistari ya Kiarabu, neno chini ya neno, ikipanda mshazari.

Majina nayo yamechanganyika. Achmatowicz ni mwana wa Ahmad aliyevalishwa kimalizio cha Kipolandi. Jina la kwanza linaweza kuwa Mustafa, linaweza kuwa Aleksander. Kuna familia zilizokuwa na yote mawili, moja la nyumbani na jingine la ofisini.

Makaburi, wanayoyaita "mizar", yako nyuma ya msikiti, kwenye mwinuko wenye miti. Mtu akiwa na muda wa kuangalia kitu kimoja tu Kruszyniany, ningemtuma huko kabla ya msikiti. Makaburi ya zamani yamezungushiwa mawe ya shambani, jiwe kubwa kichwani na dogo miguuni, yote yameota kuvu. Jiwe la zamani kuliko yote lililobaki ni la mwaka 1699, miaka ishirini tu baada ya hati ya Sobieski. Ukitembea kuelekea makaburi mapya unasoma historia ya nchi bila kufungua kitabu. Mwanzo ni Kiarabu. Kisha yanaingia maandishi ya Kirusi, yenye vyeo vya jeshi la mfalme wa Urusi, kwa sababu baada ya mwaka 1795 Polandi ilifutwa kwenye ramani, ikagawanywa na majirani zake, na pembe hii hatimaye ikaangukia Urusi. Watatari, ambao kazi yao ilikuwa upanga, wakamtumikia mtawala mpya. Halafu Kipolandi kinarudi. Mawe ya leo ni marumaru iliyong'arishwa, hilali juu, shahada kwa Kiarabu, na chini yake jina na tarehe kwa Kipolandi, pengine na picha ya marehemu kwenye kigae cha duara kama majirani zao wa Kiorthodoksi wanavyofanya.

Jamaa zao wa vijiji vingine hawakupata bahati hiyo. Studzianka, kusini zaidi, ilipewa Watatari wakati ule ule wa Sobieski na ilikuwa na msikiti wa mbao pia. Mwaka 1915 jeshi la Urusi likirudi nyuma mbele ya Wajerumani liliuchoma moto. Leo kuna makaburi tu. Wa Bohoniki nao uliungua, ukajengwa upya mwaka 1873, na huo upo.

Polandi iliporudi kuwa dola mwaka 1918, Watatari walipata miaka ishirini ambayo wenyewe huikumbuka kama enzi yao nzuri. Mwaka 1925 walianzisha Umoja wa Kidini wa Waislamu, makao yake Vilnius, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Polandi, wakamchagua Jakub Szynkiewicz kuwa mufti. Tarehe 21 Aprili 1936 Bunge lilipitisha sheria ya uhusiano kati ya serikali na umoja huo, na sheria hiyo haijafutwa mpaka leo. Walikuwa na jumuiya 19, misikiti 17, na watu wapatao 5,500. Jeshini kulikuwa na kikosi cha wapanda farasi cha Kitatari ndani ya rejimenti ya 13 ya Vilnius.

Halafu 1939. Hapa nitapita haraka kwa sababu wasomaji wengi wanajua sura yake kuu: Wajerumani kutoka magharibi, Wasovyeti kutoka mashariki, na Kruszyniany ikawa upande wa Wasovyeti mpaka Wajerumani walipoingia 1941. Wenye kupita Tengeru, Arusha, wamewahi kuona makaburi ya Wapolandi. Wale walikuwa raia wa mikoa hii hii ya mashariki, waliobebwa na Wasovyeti kwa treni mpaka Siberia na Kazakhstan mwaka 1940 na 1941, kisha wakatawanywa duniani. Mji wa Krynki, unaopitia ukienda Kruszyniany, ulikuwa mji wa Wayahudi watengenezaji ngozi. Wajerumani waliwaua karibu wote.

Vita vilipokwisha, mpaka ulisogezwa magharibi. Vilnius ikawa mji wa Lituanya ya Kisovyeti, na maeneo mengi ya Kitatari yakaangukia Lituanya na Belarus. Mufti Szynkiewicz alikwisha kimbia. Alifariki Marekani mwaka 1966. Katika misikiti yote ile ya vijijini, iliyobaki ndani ya Polandi ni miwili, Kruszyniany na Bohoniki. Sasa unaelewa kwa nini kijiji kidogo namna hii kina jina kubwa. Hakikuwa makao makuu ya Watatari wakati wowote. Kilikuwa ukingoni, na mstari wa mpaka ukapita upande wake mwingine.

Watatari wengi waliojikuta upande wa Kisovyeti walihamia Polandi, lakini hawakuja Kruszyniany. Walipelekwa pamoja na Wapolandi wengine kwenye ardhi za magharibi na kaskazini zilizochukuliwa kutoka Ujerumani: Gdańsk, Szczecin, Gorzów. Wajukuu zao ndio waliojenga msikiti wa Gdańsk, uliokamilika mwaka 1990, wa tofali na mnara wa kweli. Vijana wa Kruszyniany wenyewe nao walikwenda Białystok na Gdańsk kutafuta kazi, kama vijana wa kijiji chochote. Ndiyo sababu ya ile hesabu ya vidole. Wote nchini, waliojiandikisha kama Watatari katika sensa ya 2011 hawakufika hata 2,000, huku Waislamu wengi wa Polandi sasa wakiwa wahamiaji na wanafunzi kama mdogo wako.

Hata hivyo siku za Bajram magari hujaa barabara ya kijiji. Watu hurudi kuswali walikozikwa babu zao. Na kaburi wengi hulitaka pale pale, hata waliofia Gdańsk.

Mwaka 2012 Rais wa Polandi aliuingiza msikiti na makaburi ya Kruszyniany, pamoja na vya Bohoniki, katika orodha ya juu kabisa ya urithi wa taifa. Miaka miwili kabla yake Mwanamfalme Charles wa Uingereza, ambaye sasa ni mfalme, alikuja kuutembelea. Sifa hizo hazikuzuia wahuni kuchora nguruwe kwenye ukuta wa msikiti mwezi Juni 2014 na kupaka rangi makaburi. Nalitaja kwa sababu mdogo wako anaishi nchini humo na anastahili picha kamili: Mtatari mwenye miaka mia tatu ya makaburi nyuma ya nyumba anaweza kuambiwa arudi kwao.

Mwaka 2021 mpaka ule ukarudi tena kwenye habari. Maelfu ya watu kutoka Mashariki ya Kati na Afrika walipitishwa Belarus wakijaribu kuingia Ulaya kwa msituni. Serikali ya Polandi ikatangaza hali ya hatari katika ukanda wa mpaka, Kruszyniany ikiwa ndani yake, na wageni wakazuiwa kuingia kwa miezi; biashara ya kijiji, ambayo ni chakula na malazi ya watalii, ikasimama. Walipoanza kupatikana maiti msituni na mtoni, jumuiya ya Bohoniki ndiyo iliyowapokea. Imamu wao aliwaswalia vijana kutoka Syria na Yemen, na wanakijiji wa Kitatari wakasimama safu wakiwazika watu wasiowajua katika makaburi ya mababu zao. Katika historia yote niliyokuandikia, hilo ndilo lililowafanya Wapolandi wengi wajue kwa mara ya kwanza kwamba Watatari wapo.

Mdogo wako akipata likizo na aende, ila apange vizuri. Usafiri wa umma kufika pale ni wa shida. Kutoka Białystok ni bora wachangie gari. Msikitini yuko mwenyeji anayewaeleza wageni kwa Kipolandi, kwa hiyo Kipolandi chake cha chuoni kitamfaa. Kibla ni kule mihrabu ilipo, kusini. Na asiondoke bila kula pierekaczewnik. Ni jina gumu kutamka, lakini chakula chenyewe mama yako atakielewa kwa kusikia tu: unga unasukumwa kuwa kama karatasi, tabaka sita, kila tabaka linapakwa siagi na kutiwa nyama ya kondoo au ya ng'ombe, au jibini na zabibu kavu kwa wanaopenda kitamu, kisha vyote vinakunjwa na kuviringishwa kama konokono, vile tunavyoviringisha chapati kabla ya kuisukuma mara ya pili. Ila hii haisukumwi tena. Inawekwa nzima kwenye sufuria ya duara na kuokwa muda mrefu, na moja inaweza kupita kilo tatu. Tangu 2009 Umoja wa Ulaya unalinda jina lake na namna ya kuipika. Kwa kuwa oveni inachukua muda huo wote, akifika saa saba mchana bila kuagiza mapema anaweza kuambiwa imekwisha. Apige simu siku moja kabla.